Mbwa wa Nani? Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Mkoa wa Dar es Salaam

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Wastahiki Mameya, Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, pamoja nanyi maafisa mifugo wa kata zetu,

Poleni na majukumu. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Goba, na sijatumwa na taasisi yoyote. Nawaandikia kuhusu mbwa na paka wa mji huu wasio na wenyewe. Ombi langu ni moja. Kila halmashauri kati ya hizi tano ifungue kituo ambako mnyama aliyetupwa au aliyepotea atapokelewa, atatibiwa, atachanjwa na kufungwa kizazi, kisha mwananchi anayemtaka aende akamchukue kwa utaratibu unaoeleweka, jina lake likiandikwa kwenye daftari kuwa ndiye mwenyewe. Kazi hiyo leo inafanywa na watu wachache wa kujitolea na mashirika madogo yanayoishi kwa michango. Mkoa wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022 hauwezi kuliacha jambo la afya ya umma mikononi mwa wenye huruma peke yao.

Huenda wengine mtaona hili ni jambo la anasa, la watu wa Masaki na Oysterbay wenye nafasi ya kubembeleza mbwa. Naomba mnivumilie. Mimi nimelifikia nikitokea kwenye chumba cha sindano.

Katika miaka yangu ya kazi, mtu aliyeumwa na mbwa alipofika tulikuwa na swali moja tuliloliuliza hata kabla ya kumaliza kumwosha kidonda: mbwa wa nani? Aliyeambatana na mgonjwa mara nyingi hakuelewa kwa nini tunauliza, akadhani tunatafuta mtu wa kumshtaki. Sababu yetu ilikuwa hii. Mbwa mwenye mwenyewe anaweza kufungiwa mahali na kuangaliwa kwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, anakula na kunywa kama kawaida yake, tunajua kwamba wakati anauma hakuwa na virusi vya kichaa cha mbwa kwenye mate, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Mbwa asiye na mwenyewe ameshatokomea kwenye vichochoro, au ameshapigwa mawe na kutupwa. Hapo hakuna cha kubahatisha. Mgonjwa anaanza sindano na anapaswa kuzimaliza zote kwa tarehe zake, hata kama mbwa yule hakuwa na ugonjwa wowote. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mtu akaanza kuweweseka na kushtuka akiona maji, dawa haimrudishi. Tunabaki kumpunguzia maumivu na kuwaandaa ndugu zake.

Wengi wa niliowapokea walikuwa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema karibu 4 kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo mbwa humfikia usoni, shingoni na mikononi, na jeraha likiwa karibu na kichwa virusi havina safari ndefu ya kufika kwenye ubongo. Walikuja wakiwa wamepakwa chumvi, mafuta ya taa au dawa za majani, wakati huduma ya kwanza inayookoa maisha ni maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mbio kwenda hospitali. Nililisema hili mpaka sauti ikakauka, na nalisema tena hapa kwa sababu huenda barua hii ikasomwa na mzazi.

Namkumbuka mama aliyetokea hospitali moja akaelekezwa nyingine, na huko nako akaambiwa chanjo imekwisha, mtoto akiwa mgongoni na kitambaa chenye damu kwenye paja. Mumewe alikuwa dereva wa bajaji. Kila sindano waliyoambiwa kununua ilikuwa ni siku za kazi zimeondoka. Nilipomuuliza mbwa ni wa nani, alinijibu, "Wa mtaani tu, dada, hana mtu." Jibu hilo ndilo lililowagharimu.

Duniani, makadirio yanayotumika ni vifo 59,000 kila mwaka, vingi barani Asia na Afrika, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliotumia taarifa za watu walioumwa, ulikadiria vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya vilivyokuwa vikiripotiwa rasmi. Wengi hufia nyumbani, na kijijini husemekana ni malaria ya kichwani au amerogwa. Nchi na mashirika yameweka lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa ugonjwa huu unaoambukizwa na mbwa. Muda uliobaki ni mdogo.

Sasa nizungumzie njia tuliyoizoea. Gari la matangazo linapita: wenye mbwa wawafungie, watakaokutwa wanazurura watauawa. Katika sehemu nyingi za nchi yetu hilo limekuwa ndilo jibu la kwanza kwa malalamiko ya mbwa koko, kwa risasi au kwa nyama yenye sumu. Naelewa linakotoka. Mwenyekiti wa mtaa anayepigiwa simu usiku na wazazi wenye hofu anataka kuonekana amefanya jambo. Lakini njia hii haiuwezi ugonjwa, na naomba niseme kwa nini.

Mbwa aliye rahisi kulengwa ni yule aliyezoea watu, aliyelala mbele ya geti au chini ya meza ya mama ntilie. Mara nyingi huyo ndiye aliyewahi kuchanjwa. Yule anayewaogopa watu, ambaye hajawahi kuguswa na mtu mwenye sindano, anakimbilia mabondeni na anasalimika. Mkimaliza mmeondoa wenye kinga na kuwaacha wasio nayo. Tena chakula kilichowavuta kinabaki pale pale, kwenye mabaki ya machinjio ya Vingunguti, vichwa vya samaki pale Feri, dampo la Pugu Kinyamwezi na mifuko ya taka tunayoitoa nje jioni. Mbwa wengine wanasogea kujaza nafasi, wenye afya wasiyoijua mtu yeyote. Na sumu haichagui. Inamkuta kuku, paka wa jirani, hata mtoto anayeokota vitu chini.

Kisiwa cha Flores nchini Indonesia kilipata kichaa cha mbwa mwaka 1997. Serikali ya huko iliua mbwa kwa mamia ya maelfu, na ugonjwa ukabaki. Lakini hatuhitaji kwenda Indonesia. Pemba ilifuata njia ya chanjo ya mbwa, shehia kwa shehia, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umekoma. Ukaingizwa tena mwaka 2016, wakachanja upya kwa nguvu, ukakoma tena. Pale pana wataalamu wetu, wanaoongea lugha yetu, na uzoefu wao ni wa kuazima kwa nauli ya boti.

Chanjo inahitaji kuwafikia mbwa 7 kati ya 10 katika eneo ili ugonjwa ukose njia ya kupita. Na hapa ndipo swali la chumba cha sindano linaporudi. Mmewahi kukaa kwenye kituo cha chanjo ya mbwa? Mara nyingi wanaowaleta ni watoto, wamewafunga kamba za katani au vipande vya kanga, wanawaita kwa majina, Popi, Simba, Jimi. Kila mbwa anayefika pale amefika kwa sababu kuna mtu anayemwita wake. Mbwa asiye na mwenyewe haletwi na mtu. Daktari atamfukuza mtaani na wavu, atawapata wachache, jua litazama. Kwa hiyo kila mbwa anayepata mwenyewe leo ni mbwa ambaye mwakani ataletwa kwenye chanjo kwa kamba. Ndiyo maana nasema vituo vya kuwatafutia wanyama wenyewe ni sehemu ya kinga, sawa na chanjo yenyewe.

Niliyaona haya kwa macho yangu nilipostaafu na kutaka mbwa wa kulinda uwanja, maana Goba bado ina viwanja vingi vyenye vichaka. Jirani alinielekeza kituo kimoja cha wanyama nje kidogo ya mji. Nilidhani nitalipa na kuondoka na mbwa siku hiyo hiyo, kama mtu anavyonunua kuku sokoni.

Dada aliyenipokea alinikalisha kwenye benchi, akafungua daftari. Nyumba ni yako au umepanga? Kama umepanga, mwenye nyumba ameridhia? Uwanja una ukuta au michongoma? Kuna watoto wadogo? Nani atamlisha ukienda kijijini kwa msiba? Atalala wapi wakati wa masika? Unakusudia kumfunga mnyororo mchana kutwa? Nimekaa na mbwa tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuniuliza hata moja ya maswali hayo. Nilijibu kwa makini kuliko nilivyowahi kujibu kwenye usaili wa kazi.

Kisha tukazunguka. Mabanda yalikuwa ya mbao na wavu, yameezekwa mabati, sakafu imepigwa dawa asubuhi hiyo. Nyuma palikuwa na jiko la kuni na sufuria kubwa la ugali wa dona uliochanganywa na dagaa na utumbo, kijana mmoja akiukoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Kulikuwa na mbwa walioachwa na wageni waliomaliza mikataba yao ya kazi na kurudi makwao, na walioletwa na bodaboda wakiwa wamegongwa. Kulikuwa na jike mzee aliyekutwa amefungwa kwenye nyumba iliyohamwa, na mnyororo ulikuwa umeacha duara lisilo na manyoya shingoni mwake. Wengi walikuwa mbwa wetu wa kienyeji, wembamba, masikio wima, manyoya mafupi. Upande wa pili walikuwa paka, na chumba cha watoto wa paka kilijaa kuliko banda lolote.

Mimi nilimpenda mbwa mkubwa mweusi kwa sababu ya sauti yake. Dada akanikatalia. "Mama, umesema unafuga kuku. Huyu kuku hawawezi kukaa naye." Akaniletea jike la rangi ya karanga zilizokaangwa, ndilo jina walilompa, Karanga. Bodaboda ilimgonga, mguu mmoja wa nyuma ukaunga ukiwa umepinda kidogo. Nilioneshwa kovu la pale alipofungwa kizazi. Nikaoneshwa kadi yake, chanjo ya kichaa cha mbwa na tarehe ya kurudia, dawa ya minyoo, dawa ya kupe. Sikuondoka naye siku hiyo. Alikuja kwanza kijana wa kituo hadi nyumbani, akaukagua uwanja, akaonyesha tundu kwenye ukuta la kuzibwa, akasalimiana na mjukuu wangu. Ndipo nikasaini fomu kwamba sitamuuza, nitampeleka kwenye chanjo kila mwaka, na nikishindwa kumtunza nitamrudisha pale pale bila kumtupa barabarani. Nilitoa mchango ambao ni sehemu ndogo tu ya bei ya mbwa wa kizungu.

Siku za mwanzo Karanga alijificha nyuma ya tangi la maji na kula usiku tu. Walishanitahadharisha, na walipiga simu kuuliza hali yake. Taratibu akasogea kibarazani, baadaye getini. Sasa watoto wa mtaa wetu wanamwita kwa jina, na mtendaji anajua ni wa nyumba ipi. Ikitokea amemuuma mtu leo, Mungu apishe mbali, muuguzi atakayeuliza mbwa wa nani atajibiwa kwa jina langu, kwa namba ya simu na kwa kadi ya chanjo.

Linganisheni na njia nyingine ambayo wakazi wengi wa mji huu hupata mbwa. Watoto wa mbwa wanauzwa pembeni ya barabara, juani, wameinuliwa juu kuonyeshwa wenye magari kwenye foleni. Wametolewa kwa mama yao kabla ya wakati. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa wakifikisha miezi mitatu, na hao hawajafika. Wengi huishia kwa parvo, ugonjwa wa kuharisha damu unaomaliza mtoto wa mbwa kwa siku chache. Mnunuzi anaambiwa ni German Shepherd. Miezi ikipita masikio yanagoma kusimama, au jike linapata mimba na baada ya siku zipatazo 63 kuna watoto sita uani. Jirani anachukua mmoja, fundi anachukua mmoja. Waliobaki nimewahi kuwakuta ndani ya kiroba pembeni ya korongo, kiroba kinacheza. Wawili walikuwa bado hai. Sitawaeleza zaidi.

Naomba niseme wazi kwamba siwalaumu hao vijana wanaouza, wanatafuta riziki. Tatizo ni kwamba anayetaka mbwa leo barabara anaijua na kituo hakijui. Hakuna bango, hakuna mtendaji wa mtaa anayeweza kumwelekeza, na vituo vichache vilivyopo vimejaa hadi vinalazimika kukataa wanyama.

Kuhusu paka nitasema kidogo, ingawa kwa wengi wetu wao ndio wanaofaa zaidi. Familia iliyopanga chumba kimoja Manzese haina nafasi ya mbwa, wala haifai imchukue. Paka mmoja aliyechanjwa na kufungwa kizazi inammudu, na panya watapungua bila ile sumu ya panya inayotapakaa jikoni kwenye watoto. Paka jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na ndiyo maana paka shume na vitoto vyao wamejaa masokoni. Paka weusi wana shida ya ziada kwa sababu ya imani za uchawi, wanapigwa bila kosa lolote. Dada wa kituo aliniambia hao ndio wanaokaa muda mrefu kuliko wote.

Najua pia lipo suala la dini, na nalisema kwa heshima. Majirani zangu wengi ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ombi langu halimlazimishi mtu yeyote kumwingiza mbwa ndani. Mbwa wa ulinzi anayekaa uwanjani, mwenye banda na chombo chake, wamekuwa wakimfuga siku zote. Na anayetaka kuswali alfajiri bila kukutana na kundi la mbwa njiani atafaidika na vituo hivi kuliko mimi. Mafundisho yale yale yanamtaja mtu aliyeshuka kisimani na kumtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa na kiu, akasamehewa, na mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha. Masheikh na wachungaji wetu wakiombwa kulizungumza, watalizungumza vizuri kuliko afisa yeyote.

Sheria tunazo. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ni ya 2003, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ni ya 2008, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia. Kilichokosekana ni mahali. Afisa mifugo wa kata akimkuta mtu anamtesa mbwa, atamnyang'anya ampeleke wapi? Ofisini kwake, chini ya meza?

Mahali penyewe si lazima pawe jengo la fahari. Mabanda ya wavu yenye sakafu ya saruji inayosafishika, chumba kimoja cha upasuaji, chumba cha kuwatenga wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa, kisima au tangi, na uzio. Wataalamu wapo karibu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinafundisha madaktari wa mifugo pale Morogoro, na tangu Juni 2024 treni ya SGR inawaleta hapa kwa muda usiofika saa mbili. Wanafunzi wanahitaji mazoezi ya kuhasi na kufunga kizazi chini ya walimu wao, na sisi tunahitaji mikono. Wakala wa Maabara ya Veterinari uko hapo Temeke. Mashirika ya ustawi wa wanyama kama TAWESO na TSPCA yana uzoefu wa miaka mingi na wanyama hawa, yaiteni mezani kabla ya kuchora ramani ya kituo chochote, wala msiyanyang'anye kazi waliyoianza. Kazi ya kupika, kusafisha na kukamata mbwa bila kuwaumiza inaweza kupewa vikundi vya vijana wanaokopeshwa kupitia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Hata hofu ya majokofu isiwe kikwazo. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa inayotumika sana kwa mbwa, ikikaa miezi 6 kwenye joto la nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30, bado inawapa mbwa kinga sawa na ile iliyotoka kwenye baridi. Maana yake chanjo inaweza kuhifadhiwa mtaani kwa uangalizi wa daktari, mahali penye kivuli na ubaridi kiasi, wala isisubiri gari lenye friji kutoka makao makuu.

Kwenye daftari la wenye mbwa nina ombi ambalo nalisisitiza kuliko mengine: msianze na tozo. Mkitangaza kwamba kila mwenye mbwa alipie, siku afisa atakapopita na kuuliza mbwa huyu ni wa nani, mtaa mzima utajibu haumjui, na mbwa aliyekuwa na mwenyewe jana leo atakuwa koko. Wapeni watu sababu ya kujiandikisha. Anayejiandikisha apate chanjo bure, anayemchukua mnyama kituoni apate miaka miwili ya chanjo bure, na anayemleta jike wake kufungwa kizazi asilipe kitu. Gharama hiyo ipigiwe hesabu pamoja na sindano ambazo hospitali zetu hazitalazimika kuzitoa kwa watu walioumwa na mbwa wasiojulikana. Nina hakika waganga wakuu wenu wana takwimu za sindano hizo. Waombeni wazilete kwenye kikao kimoja na afisa mifugo, maana katika kazi yangu yote sikuwahi kuona idara hizo mbili zimekaa meza moja kuzungumzia mbwa.

Mtaniuliza, binadamu wenyewe hawajatosheka, iweje fedha ziende kwa mbwa? Nalijibu kwa kuwaelekeza kwa wanaoumwa. Mwenye gari haumwi na mbwa koko. Anaumwa mwanafunzi wa Mbagala anayetoka nyumbani alfajiri gizani ili awahi daladala, mama wa Gongo la Mboto anayekwenda kuchukua samaki wa kukaanga, mlinzi wa usiku na muokota chupa. Nimewaosha vidonda vyao.

Sidai vituo vitano kwa siku moja. Anzeni na kimoja, katika halmashauri yoyote itakayokuwa tayari, kiingizwe kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata. Wakati kinajengwa, simamisheni risasi na sumu katika mkoa wote, na fedha zilizotengwa kwa operesheni hizo zinunue chanjo. Watendaji wa mitaa wapewe namba za vituo vilivyopo leo, ili mtu anayetaka mbwa au paka aelekezwe huko kabla hajasimamisha gari barabarani.

Naomba nafasi ya kuonana nanyi. Nitakuja na daktari wa mifugo na yule dada wa kituo mwenye maswali mengi, na fomu yao ya kumkabidhi mnyama ili mwone jinsi ilivyo ya ukurasa mmoja tu. Kituo cha kwanza kikikubaliwa, mimi na wastaafu wenzangu wawili tuko tayari kukaa kwenye dawati la kuandikisha kila asubuhi bila malipo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa 28 Septemba, na ningependa mwaka huu siku hiyo mtangaze kiwanja kitakapojengwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu, Kata ya Goba, Manispaa ya Ubungo